Fahamu: Msimulizi asiyeaminika ni nani?

Ni mhusika anayetusimulia kisa ilhali maneno yake hayategemeki: anadanganya, anaficha, au kumbukumbu zake zimevurugika.

Mfano mzuri ni Rachel, katika riwaya ya The Girl on the Train ya Paula Hawkins, mwandishi mzaliwa wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 2015. Rachel amefukuzwa kazi kwa ulevi, lakini kila asubuhi bado anapanda treni kwenda London. Siku moja anaamka na jeraha kichwani, hakumbuki ya usiku uliopita, na mwanamke aliyekuwa akimwona kupitia dirisha la treni ametoweka.

Je, ni yeye aliyehusika? Shaka hiyo ndiyo utamu wa riwaya zenye msimulizi wa aina hii. Ukimsoma Rachel, pima kila neno, lakini usimpuuze kwa sababu ya chupa: msikilize hadi mwisho.