Cheti cha Usalama na Mtandao wa Vyuo vya Nchi Jirani

Vyuo vikuu kadhaa vya nchi jirani za Kenya na Uganda vimejiunga na eduroam, mtandao wa intaneti usiotumia waya ambao wazo lake lilizaliwa Uholanzi mwaka 2002. Nchini Kenya mtandao huo unasimamiwa na shirika la KENET, na nchini Uganda na shirika la RENU. Kwa mpango huo, mwanafunzi wa Kampala anayefika Nairobi hupata intaneti katika simu yake kwa jina na neno la siri alilopewa na chuo chake mwenyewe. Chuo mwenyeji hakilioni neno hilo. Husafirishwa kwa maandishi ya fumbo hadi seva ya chuo cha nyumbani, nayo ndiyo inayothibitisha.

Huo ni ushirikiano wa kupongezwa. Hata hivyo, mlaghai mwenye kifaa cha bei nafuu aweza kurusha mawimbi kwa jina lilo hilo la eduroam. Jina peke yake halitoshi kuitambulisha kweli na bandia. Kinachozitenganisha ni cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha seva ya chuo, kilichotiwa muhuri na mamlaka ambayo simu imeelekezwa kuiamini. Simu isiyokagua cheti yaweza kumkabidhi mlaghai siri zinazofungua barua za mwanafunzi na hata kumbukumbu zake za masomo.

Simu nyingi za Android zilimruhusu mtumiaji kuamua kwamba cheti kisikaguliwe, na wenye haraka waliipenda njia hiyo. Desemba 2020, katika toleo la 11, ruhusa hiyo ilianza kuondolewa, kwanza katika simu za Pixel. Waliolalamika kwamba wamefungiwa mlango walikuwa, kwa hakika, wamewekewa komeo.

Njia sahihi si ngumu. Mwanafunzi na achukue cheti, au programu ya geteduroam, kwa maelekezo ya chuo chake. Katika mipangilio ya simu achague cheti hicho, aandike jina la seva kama chuo kilivyolitaja, ndipo aweke neno lake la siri. Yote hayo yafanywe nyumbani kabla ya safari.

Cheti kinachotolewa na mtu asiyejulikana kikataliwe, kwani anayekipokea amemkubali mtoaji kuwa shahidi wake. Tahadhari ni kabla ya hatari.