Maji ya Akiba Yasigeuke Msiba

 

Wengi wetu tunaoishi Umoja, Kayole, Dandora na mitaa mingine ya Eastlands hatuna bwawa la kuogelea nyumbani. Lakini hebu angalia ua wa ploti yako. Kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, karibu kila mlango una pipa, ndoo au beseni la maji ya akiba. Kwa mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, hilo ndilo bwawa.

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo achezee maji, hutanguliza kichwa na kushindwa kujiinua. Maji yenye kina cha sentimita 5 tu yanaweza kumzamisha. Mara nyingi hapigi kelele. Ni dakika chache tu, muda wa wewe kuanika nguo kwenye kamba.

Maji hayo hayo ni makao ya mbu. Yuko mbu aitwaye Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa dengue mwaka wa 2013, na chikungunya kuanzia mwisho wa mwaka wa 2017. Mbu huyo yuko Nairobi pia. Hutaga mayai kwenye kuta za vyombo vya maji, na kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi yai huwa mbu kamili.

Sasa tufanye nini? Haya hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, funika kila pipa kwa kifuniko kinachobana, na uweke jiwe zito juu yake. Kama huna kifuniko, funga kitambaa kizito kwa kamba kuzuia mbu, lakini ujue kitambaa hakimzuii mtoto. Weka pipa hilo mahali ambapo hawezi kufika.

Pili, ukimaliza kufua au kumwogesha mtoto, mwaga maji papo hapo na ulaze beseni kifudifudi.

Tatu, chagua siku moja kila juma, tuseme Jumamosi, usugue pipa ndani kwa brashi na sabuni. Kumwaga maji tu hakutoshi, kwa sababu mayai hubaki yameganda ukutani yakingoja maji mengine.

Nne, zunguka ua. Toboa matairi makuukuu au yaondoe, okota mikebe, jaza mchanga kwenye sahani za maua, na zibua mfereji wa paa. Fyeka nyasi ziwe fupi ili uone takataka na mashimo yaliyojificha. Shimo la maji taka lisilo na mfuniko mwambie mwenye nyumba leo, si kesho.

Tano, kubalianeni na majirani. Unapoenda dukani, mtaje kwa jina atakayemwangalia mtoto. Mtoto wa kila mtu huishia kuwa bila mtu.

Ikitokea mtoto amezama, mtoe haraka na upige kelele upate msaada. Usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo, kwani unapoteza muda. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni na puani, kisha mbonyeze kifua katikati kwa haraka, ukiendelea kubadilishana hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kulala leo, toka nje na taa yako uhesabu: je, ni vyombo vingapi vya maji viko wazi?