Moyo Ukipunguza Kasi kwa Kulemewa na Chuma

Muhula uliopita, kwenye kipindi cha elimu ya viungo, tulipimana mapigo ya moyo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, unahesabu dakika nzima. Wengi tulikuwa kati ya 60 na 100. Jamaa mmoja anayekimbia kila alfajiri akapata 52, tukamtania kwamba moyo wake umelala. Kumbe kwa mwanariadha hiyo ni kawaida: moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Lakini kuna moyo unaopunguza kasi kwa sababu umelemewa, na mzigo wenyewe ni madini ya chuma.

Chuma kinafikaje huko? Chukua mtoto mwenye thalasemia kali, ugonjwa wa damu wa kurithi unaojulikana sana Saiprasi na Italia. Huyu huongezewa damu kila baada ya wiki chache, maisha yake yote. Chupa moja ya damu ina chuma miligramu 200 hadi 250. Mwili hutoa miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Piga hesabu: chupa moja inataka miezi mitatu na zaidi kutoka, na nyingine imeshaingia. Yaani damu ileile inayomwokoa ndiyo inayomjaza chuma.

Sasa, juu upande wa kulia wa moyo kuna seli zinazoanzisha kila pigo. Zinategemea kalsiamu ipite kwenye vijilango vyake. Mwaka 2011 watafiti nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu panya waliolimbikiziwa chuma. Kalsiamu inayopita ilipungua, mapigo yakawa ya polepole, umeme wa moyo ukachelewa kusafiri na mpangilio ukaanza kuvurugika.

Dawa ipo. Kundi lake kwa lugha za kitaalamu limepewa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, na ndivyo inavyofanya kazi: inakikamata chuma, kisha kinatoka kwa mkojo au choo. Ya zamani ni deferoksamini, inayotokana na bakteria wa udongoni, na imetumika tangu miaka ya 1960. Moyo ulioanza kudhoofika unaweza kupata nafuu chuma kikitolewa mapema.

Shida ni namna ya kuitumia. Deferoksamini huingizwa taratibu chini ya ngozi kwa sindano na pampu, saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kwa wiki. Mwambie kijana wa miaka 15 afanye hivyo kila wiki bila kuchoka! Siku hizi vipo vidonge kama deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, lakini navyo havitaki kurukwa.

Hapa ndipo sisi walimu watarajiwa tunapoingia. Tanzania tuna watoto wengi wenye siko seli. Baadhi yao huongezewa damu mara kwa mara na hulimbikiza chuma, ingawa kwao kinachoumia zaidi ni ini. Chuma hakionekani usoni. Kwa hiyo ukienda mazoezi ya kufundisha ukakuta mtoto anachoka haraka au anasinzia, usikimbilie kumwita mvivu. Mwite pembeni, umuulize, kisha zungumza na mzazi wake.