Chumba Kimegeuka Stoo? Anza Hapo Kabla ya Kununua Pambo Lolote

Familia nyingi za mijini Tanzania huhamia kwenye nyumba zao kabla hazijaisha. Kodi ya kupanga imechosha, bati limeshapigwa, milango ya nje ina vitasa, basi inatosha. Dari litakuja baadaye. Vigae vitakuja baadaye. Rangi nayo itasubiri.

Gari likimaliza kushusha mizigo, vitu vyenye nafasi vinaingia sebuleni na vyumbani. Visivyo na nafasi vinasukumwa kwenye chumba kimoja, "kwa muda tu". Vinafuatwa na mabaki ya ujenzi: mfuko na nusu wa simenti, boksi la vigae, mbao, ndoo ya rangi iliyobakia chini. Miaka mitatu baadaye mlango wa chumba hicho haufunguki mpaka mwisho, na watoto wanne wanabanana chumba cha jirani.

Wengi wakifikiria kupendezesha nyumba hufikiria kuongeza: zulia jipya, maua ya plastiki, stika za ukutani, taa zinazobadilika rangi. Lakini chumba cha futi kumi kwa kumi kilichojaa makorokoro ni matofali, nondo, bati na ufundi uliolipwa kwa hela ya miaka. Hakuna pambo dukani lenye thamani hiyo. Na kukirudisha kunaanza bure kabisa, kwa Jumamosi moja na jasho.

Toa kila kitu nje

Kosa la kwanza ni kupanga stoo ukiwa ndani ya stoo. Mtu anahamisha kiroba kutoka kona hii kwenda ile, anapiga chafya, anachoka, anafunga mlango. Dawa ni kutandika turubai uani asubuhi na mapema, siku isiyo na dalili ya mvua, na kutoa vitu vyote mpaka sakafu ionekane. Viatu viwe vya kufunika vidole, na mkono usiingizwe mahali macho hayaoni. Chumba kilichofungwa muda mrefu ni makazi ya panya, tandu, na wakati mwingine nyoka.

Vitu vikishakuwa juani, fanya mafungu manne. La kwanza ni vinavyotumika kila wiki. La pili ni vya msimu: masufuria makubwa ya shughuli, godoro la wageni, chandarua cha akiba, sare za shule zinazomsubiri mdogo mtu. La tatu ni vya kugawa au kuuza. La nne ni takataka, na hili huwa kubwa kuliko watu walivyotarajia.

Kazi ngumu ni kile kitu cha "hiyo usitupe, itahitajika". Feni iliyoungua mota. Redio ya kaseti. TV ya kichogo. Kila kimoja kina mtetezi wake ndani ya nyumba, na mara nyingi mtetezi ni baba mwenyewe. Badala ya kubishana, kitu kipewe tarehe. Bandika selotepu, andika juu yake: "Fundi, mwisho tarehe 30." Tarehe ikipita na fundi hajaonekana, kinakwenda kwa mnunuzi wa chakavu anayepita mtaani na mizani. Chuma, shaba na aluminiamu hupimwa kwa kilo, kwa hiyo angalau hela ya vocha haikosekani.

Marie Kondo, Mjapani aliyejipatia jina duniani kwa vitabu na kipindi chake cha kupanga nyumba, ana kanuni tofauti: shika kitu mkononi, na kama hakikupi furaha, kiage kiende. Kanuni nzuri, ila haikutungwa kwa ajili ya uswahilini. Sufuria la kupikia pilau la watu mia halimpi mtu furaha yoyote, lakini siku jirani akifiwa mtaa mzima unalijua lilipo. Godoro la akiba vilevile. Mjomba kutoka kijijini hapigi simu wiki mbili kabla. Kipimo kinachofaa zaidi ni swali moja: mara ya mwisho kilitumika lini, na nani? Isitoshe, Kondo mwenyewe alikiri mwaka 2023 kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu, kupanga nyumba hakukuwa tena jambo la kwanza kwake.

Mabaki ya ujenzi yasitupwe hovyo, wala yasihifadhiwe yote. Vigae vichache vya kila aina vibaki, pamoja na kipande cha boksi chenye namba zake. Kigae kikipasuka baada ya miaka miwili, kupata cha rangi ileile ni bahati nasibu, maana rangi hubadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine kiwandani. Rangi iliyobaki imiminwe kwenye kopo dogo linalofunga vizuri na iandikwe ni ya chumba gani. Simenti ni habari nyingine: hunyonya unyevu wa hewa na kupungua nguvu kadiri inavyokaa. Iliyoshikana mabonge magumu haifai tena kwa kazi ya maana. Kama bado ni unga, itumike sasa hivi kuziba ufa wa kibaraza au kusakafia mbele ya bomba.

Kuna vitu viwili ambavyo stoo nyingi huvificha na visingepaswa kuwa humo. Cha kwanza ni sumu: mafuta ya taa, dawa ya panya, maji ya betri. Hasa vikiwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti. Vikae kwenye chombo chake cha asili, juu, kwenye kabati lenye kufuli. Cha pili ni mtungi wa gesi wa akiba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na chumba kisichofunguliwa dirisha huigeuza bomu. Mtungi ukae wima mahali penye hewa, mbali na moto.

Halafu karatasi. Hati au mkataba wa kiwanja, risiti za ujenzi, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki: katika uhamiaji huwa zimetawanyika kwenye mabegi matano. Zote ziingie kwenye faili moja la plastiki lenye mkono wa kushikia, liwekwe juu, mahali ambapo mtu mzima anaweza kulinyakua gizani. Wakazi wa mabondeni Dar es Salaam wanajua maji yakiingia ndani usiku hayasubiri mtu atafute cheti.

Chumba kikiwa kitupu, soma ukuta

Huu ndio wakati pekee ambapo kuta nne zinaonekana zote. Pwani ukuta huwa na mengi ya kusema. Ungaunga mweupe unaotoka chini karibu na sakafu ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini. Madoa ya kahawia juu ni bati linalovuja. Weusi wa fangasi nyuma ya mahali lilipokuwa kabati ni hewa iliyokosa njia.

Kama haijulikani unyevu unatoka wapi, chukua kipande cha nailoni safi ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa nje, shida ni hewa ya chumba na dirisha lifunguliwe zaidi.

Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ili "kuficha" ni kutupa hela. Unyevu ukikosa pa kutokea husukuma rangi, nayo hutoka magamba baada ya muda mfupi. Kwanza chanzo: bati lizibwe, bomba la bafuni nyuma ya ukuta likaguliwe, udongo uliorundikwa nje kwenye msingi uondolewe, maji ya mvua yaelekezwe mbali na nyumba. Kisha plasta iliyooza ibanduliwe na kupigwa upya. Plasta mpya iachwe kama wiki nne ikauke kabla ya rangi. Fundi mwenye haraka atasema wiki moja inatosha. Wiki moja inamtosha yeye kulipwa.

Wakati ukuta unakauka, hamia sebuleni

Sebule nyingi hazina tatizo la udogo. Zina sofa zilizopendwa kwenye uwanja wa fundi, pale Keko au barabarani, ambako hakuna kuta za kuzibana. Kabla ya kutoa oda, vipimo vya sofa vichorwe sakafuni kwa chaki, kisha watu wazima wawili wapishane kati ya sofa na meza. Wakilazimika kutembea ubavuubavu, sofa ni kubwa. Kwa aliyekwisha nunua seti nzima, kuhamishia kiti kimoja chumbani hufungua sebule kuliko rangi yoyote.

Pazia nalo lina siri yake. Bomba likifungwa karibu na dari na kuzidi upana wa dirisha kila upande, pazia likivutwa hukaa ukutani badala ya kuziba kioo. Mwanga unaingia wote, upepo unapita, na chumba kinaonekana kirefu. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, upepo ndio wa kuangaliwa kwanza.

Usiku, taa moja kali katikati ya dari hufanya sebule ifanane na ofisi ya kata. Taa mbili ndogo pembeni zenye mwanga wa njano hutosha, na bili haipandi: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia wa balbu ya zamani ya wati 60. Waya wa ekstensheni tu usipitishwe chini ya zulia. Unakanyagwa, unachunika, unapata moto bila mtu kuona. TV kubwa na kabati refu vifungwe ukutani kwa skrubu, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake.

Kuhusu mapambo yenyewe, wazee wa pwani walishalimaliza swali la chumba chembamba. Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na vyumba virefu vyenye upana mdogo, maana boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana. Wenye nyumba walijenga zidaka ukutani, vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, wakapanga humo sahani na mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Pambo likakaa ukutani, sakafu ikabaki ya watu.

Leo si lazima kuchonga ukuta. Rafu tatu za mbao juu ya usawa wa kichwa zinafanya kazi hiyohiyo. Skrubu iingizwe kwenye kile kidude cha plastiki kinachotangulia tunduni. Msumari mtupu kwenye plasta hung'oka na rafu na vilivyomo. Mkeka wa ukili wenye rangi ukining'inizwa ukutani hujaza nafasi kubwa kwa bei ndogo. Kanga iliyovutwa kwenye fremu ya mbao hupendeza kuliko picha nyingi za kununua, ila soma jina lake kwanza. Mgeni naye atalisoma, na mawifi hawasahau.

Wanaopenda mimea ndani waangalie visahani vya chini ya vyungu. Mbu anayeeneza dengi hupenda maji safi yaliyotuama, na mayai yake hushika kwenye ukingo wa chombo na kuvumilia ukame kwa miezi. Kumwaga maji tu hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kila wiki. Dar es Salaam imeshaona milipuko ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019, na mbu huyu huuma mchana, saa ambazo hakuna aliye ndani ya chandarua.

Kurudi kwenye chumba

Ukuta ukishakauka, rangi nyeupe au ya maziwa ndiyo rahisi kwa chumba cha dirisha moja, kwani hurudisha mwanga. Kwa chumba cha watoto, sehemu ya chini hadi usawa wa kifua cha mtu mzima ipakwe rangi ya mafuta inayofutika kwa kitambaa, kama kuta za madarasani, na juu rangi ya maji. Penseli na mikono yenye ugali haviepukiki.

Vitu vya fungu la pili virudi bila kurudi sakafuni. Godoro la wageni linalala chini ya godoro la kitanda cha wazazi. Nguo za msimu zinaingia ndani ya masanduku ya safari ambayo siku zote hukaa matupu chini ya kitanda. Masufuria ya shughuli hupachikwa moja ndani ya jingine na kupanda juu ya kabati la jikoni, makubwa chini, madogo ndani. Kabati lenyewe liachwe umbali wa vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma.

Kitanda cha watoto kiingizwe siku rangi inapokauka. Chumba kikikaa kitupu wiki mbili, kuna mtu ataingia na dumu moja na kusema analiweka kwa muda tu.