Chanjo Iliyosingiziwa

Rwanda mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2019 zilianza kuwapa watoto chanjo ya surua na rubela kwa pamoja. Askari aliyepata kusikia kwamba sindano ya namna hii huleta usonji hana budi ajue uvumi huo ulikozaliwa.

Ulizaliwa Uingereza. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto 12 tu, wakaitilia shaka chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Baadaye mwandishi Brian Deer alifichua kwamba daktari huyo alilipwa na mawakili waliokusudia kuwashitaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari. Wazazi walikuwa wamekwisha kuogopa. Surua ikarudi katika nchi iliyokaribia kuisahau.

Ajabu zaidi ni hii. Rubela ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya mimba, humdhuru mtoto moyo, macho, masikio na ubongo. Baada ya mlipuko wa 1964 huko Marekani, daktari Stella Chess wa New York aliwachunguza watoto 243 waliodhurika hivyo, na mwaka 1971 akaeleza kuwa usonji ulikuwa mwingi mno kati yao. Basi chanjo iliyosingiziwa ndiyo inayozuia chanzo kimojawapo cha usonji kinachojulikana!

Denmark, mwaka 2019, wataalamu walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: chanjo haikuongeza usonji. Fedha za kuliuliza tena swali hilo zingefaa kutafuta tiba ya kifafa, ambacho huwapata wengi wao, na kuwafunza waganga kumhudumia mtu mzima asiyeweza kusema kwamba jino linamwuma. Mtu huyo hujipiga kichwa ukutani, akadhaniwa mwenda wazimu.

Polisi wa doria naye aweza kumkuta usiku kijana asiyeitika amri ya kusimama, asiyemtazama usoni, anayerudia maneno aliyoambiwa. Huenda si jeuri wala mlevi. Sauti ya ukali na tochi machoni humzidishia hofu. Sentensi fupi, ya upole, na nafasi ya kujibu, humtuliza. Kisha watafutwe jamaa zake, kwani wao ndio wanaojua namna ya kusema naye.