Afya ya Akili ya Mtoto Wakati wa Janga: Tumbo Linapouma na Vipimo Kutoonyesha Ugonjwa

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9 anayeletwa na bibi yake katika zahanati moja wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Kwa wiki tatu amekuwa akilalamika tumbo, hasa nyakati za asubuhi, na usiku ameanza tena kukojoa kitandani. Vipimo vya malaria, choo na mkojo havionyeshi ugonjwa. Anapewa dawa ya minyoo na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwuliza anaogopa nini. Angeulizwa, huenda angesema kuwa amesikia redioni kwamba ugonjwa mpya unaua wazee, na bibi ndiye mtu pekee aliyebaki kumlea.

Makala hii inaeleza namna hofu na huzuni zinavyojitokeza kwa watoto wakati wa janga, na hatua ambazo mlezi na mhudumu wa afya wanaweza kuchukua.

Hali katika Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, na wanafunzi wengi walirejea madarasani tarehe 29 Juni 2020. Vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, lakini si kila kaya ilikuwa na vifaa hivyo. Pamoja na masomo, mtoto alipoteza ratiba ya siku, marafiki, na mwalimu ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto amebadilika. Mwezi Juni ni msimu wa baridi kali Mufindi na Rungwe; kikohozi cha kawaida cha msimu huo kiliweza kumtisha mtoto aliyekuwa akisikia habari za vifo.

Mikoa hii ina jambo jingine la kuzingatia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.3 mkoani Iringa na asilimia 9.3 mkoani Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban asilimia 5. Wapo watoto wengi waliokwisha kufiwa na mzazi, nao wanalelewa na bibi au babu. Kwa mtoto wa namna hiyo, habari kwamba wazee wako hatarini zaidi ina maana ya kubaki peke yake kwa mara ya pili.

Hofu inavyougusa mwili

Mtu anapoogopa, ubongo huamuru mwili kutoa homoni zinazouandaa kujihami. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na mwendo wa utumbo hubadilika. Hofu ikidumu, tumbo na kichwa huuma kweli. Mtoto huyo hadeki wala hadanganyi.

Dalili hutofautiana kwa umri:

- Chini ya miaka 5: kung'ang'ania mlezi, kulia usiku, na kurudia tabia alizokwisha kuziacha, kama kunyonya kidole.
- Miaka 6 hadi 11: maumivu yasiyo na sababu ya wazi, ndoto za kutisha, kukojoa kitandani, na kushuka kwa masomo.
- Miaka 12 na zaidi: kujitenga, hasira za haraka, kukosa usingizi, kutumia pombe, au kusema kuwa maisha hayana maana. Kwa kijana, sonona huweza kuonekana kama ukorofi kuliko huzuni.

Nyumbani: ukweli unaolingana na umri

Wazee wetu huwaficha watoto habari za msiba kwa nia njema. Hata hivyo, mtoto anayeambiwa kuwa mama amesafiri huendelea kumngoja, na mara nyingi hujilaumu kuwa yeye ndiye aliyemfukuza. Ni vyema kumwambia kwa maneno machache kwamba mama amefariki, hatarudi, na kwamba kosa si la mtoto. Kisha atajiwe kwa jina mtu atakayemtunza. Ashirikishwe katika maombolezo kwa kadiri inavyowezekana, apunguziwe taarifa za kutisha, na ratiba ya kula, kulala, kucheza na kazi ndogo za nyumbani irejeshwe mapema.

Kituoni: maswali machache

Mhudumu aanze kwa kuchunguza magonjwa ya mwili. Hofu isiwe kisingizio cha kuacha kupima. Halafu atenge dakika chache azungumze na mtoto bila mlezi kuwapo, kwa kuwa wakati mwingine tishio liko nyumbani. Aulize: "Ni jambo gani linalokutia hofu?" "Unalala vipi?" "Kuna mtu anayekuumiza?" Kwa mtoto anayetumia dawa za kufubaza VVU, aulize nani anamkumbusha kumeza, kwa sababu mlezi akiugua au akifariki, dozi hukatika.

Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili au zikimzuia mtoto kula, kulala au kusoma, apewe rufaa kwenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Kijana anayetaja kujiua ashughulikiwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Kumwuliza kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Panapokuwa na ukatili, ataarifiwe afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi; simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo.

Hitimisho

Magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Mwaka 2023 Tanzania ilipambana na Marburg mkoani Kagera. Zahanati isiyo na daktari bingwa bado inaweza kumsaidia yule mtoto wa Kilolo. Anahitaji mtu mzima wa kumwuliza anaogopa nini, na bibi aliyeelekezwa namna ya kumjibu: nani atamtunza iwapo yeye ataugua.