Kutokosa Gugumaji: Maji Moto, Mimea na Istilahi

Yeyote aliyewahi kufika ufuoni mwa Sio Port, Busia, pindi upepo unaposukuma magugumaji hadi gatini, anaijua adha yake: mashua hazitoki, nyavu hazizamishwi. Mmea huu ulidhihirika katika Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1990, na ingawa fukusi walioachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997 walisaidia kuupunguza, ungali unarejea. Je, waweza kugeuzwa kuwa spiriti?

Ugumu umo katika kuta za seli. Selulosi, iliyo hazina ya sukari, imezingirwa na hemiselulosi na lignini, hivyo vimeng'enya haviifikii. Njia mojawapo ya kuifungua bila kuongeza kemikali ni maji ya nyuzi 160 hadi 230 za Selsiasi. Katika nyuzi 200, shinikizo hulazimika kuwa takriban mara 15 ya lile la hewa ili maji yasigeuke mvuke. Joto hilo hutoa asidi ya asetiki kutoka katika hemiselulosi, nayo asidi huzidi kuiyeyusha hemiselulosi iyo hiyo. Mmea hujipika kwa siki yake wenyewe!

Hapa ndipo tafsiri ya "kuchemsha" inapopotosha, kwani maji hayo hayachemki kamwe. Kitenzi "kutokosa", tukitumiacho kwa mahindi na mihogo, chafaa zaidi: hulenga kulainika kwa kinachopikwa wala si mchemko wa maji. Napendekeza "utokosaji wa awali".

Joto likizidi, sehemu ya sukari huharibika ikawa fufurali, ambayo ni sumu kwa hamira. Kwa mujibu wa kanuni ya Overend na Chornet (1987), kila nyuzi 10 zinazoongezwa hupunguza muda unaohitajika kwa takriban nusu; dakika 20 katika nyuzi 190 hukaribiana na 10 katika nyuzi 200. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipunguza uharibifu huo kwa kudumisha pH baina ya 4 na 7. Wengine hupitisha maji mfululizo juu ya mmea. Lignini nyingi hutoka, ila maji na nishati hutumika kupita kiasi. Gugumaji, lenye lignini haba, halihitaji gharama hiyo.

Tatizo lake ni jingine: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni maji. Kulisafirisha bichi ni kusafirisha ziwa. Sharti lianikwe juani papo hapo ufuoni, na joto la maji yanayotoka mtamboni litumike kupasha yanayoingia. Pasipo hayo mawili, makapi ya miwa ya Busia, yaliyokwisha kukusanywa kiwandani, yatalishinda.